Ukatili dhidi ya wagonjwa wa akili wilayani Mbulu na Hanang

Ukatili dhidi ya wagonjwa wa akili ni vitendo vya kumpiga, kumfunga, kumbaka, kumdhulumu mali, kumtumikisha au kumtelekeza mtu anayeishi na ugonjwa mkali wa akili. Makala hii inahusu tatizo hilo katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na sheria na huduma za nchi zinazowagusa watu wa huko.

Katika mazungumzo ya kila siku mgonjwa wa akili hutajwa kama mtu wa kuogopwa: atapiga watu, atachoma nyumba, atarusha mawe. Tafiti zinaonyesha sura nyingine. Huko Chicago, Marekani, utafiti wa Linda Teplin na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 uliwahoji wagonjwa zaidi ya 900 waliokuwa kwenye matibabu. Zaidi ya robo yao walikuwa wamefanyiwa uhalifu wa kutumia nguvu ndani ya mwaka mmoja, kiwango kilichozidi kile cha watu wengine kwa zaidi ya mara 11. Mwaka 2012 jarida la tiba The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioonyesha kwamba watu wazima wenye ugonjwa wa akili hushambuliwa karibu mara nne zaidi ya watu wasio na ulemavu. Takwimu hizo zinatoka hasa katika nchi tajiri, zenye polisi wa karibu na hospitali nyingi. Katika vijiji vya Afrika Mashariki mgonjwa hukaa zaidi nyumbani, na anayemdhuru huweza kuwa mtu yule yule anayempikia uji.

Ugonjwa na majina yake

Magonjwa yanayohesabiwa kuwa makali ni hasa skizofrenia, baipola na sonona kali inayoambatana na kupotewa na uhalisia. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatwa au anawekewa sumu, kusema maneno yasiyofuatana, au kunyamaza na kujitenga kwa miezi. Wa baipola hupita katika vipindi vya msisimko mkubwa, akikosa usingizi na kugawa mali ovyo, kisha huangukia vipindi vya huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Kwa kiwango hicho wilaya ya ukubwa wa Hanang, iliyokuwa na wakazi 275,990 katika sensa ya mwaka 2012, ingekuwa na wagonjwa wapatao 900 wa ugonjwa huo peke yake.

Katika Tanzania kifafa nacho hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki za afya ya akili, ingawa ni ugonjwa wa ubongo wa aina nyingine. Ndiyo maana wenye kifafa hupata fungu lile lile la dharau. Katika eneo la Mbulu suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu minyoo ya tegu wa nguruwe, ambayo lava wake huweza kuingia katika ubongo na kusababisha degedege, imeenea mahali nguruwe wanapofugwa bila banda na vyoo ni vichache. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, uliochapishwa mwaka 2009 na Andrea Winkler na wenzake, uliwafikia watu wapatao 7,400 na kukuta kifafa kwa kiwango cha takriban watu 8 hadi 9 kwa kila 1,000.

Majina anayopewa mgonjwa ni sehemu ya tatizo. Kichaa, chizi, mwehu, punguani na taahira hutumika kama matusi hata kwa watu wazima wa afya, na jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, limegeuzwa kuwa kejeli mitaani. Mtu aliyekwisha kuitwa chizi mbele ya watoto hupoteza haki ndogondogo ambazo hakuna anayeziandika: kuamkiwa, kuulizwa maoni kwenye kikao cha ukoo, kuaminiwa anaposema kwamba ameumizwa.

Mazingira ya Mbulu na Hanang

Hanang iliwahi kuwa sehemu ya Mbulu, na wilaya zote mbili zilikuwa chini ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Makao makuu ya Hanang ni Katesh, chini ya Mlima Hanang, kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Wakazi wengi ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, na Wadatooga, hasa Wabarabaig, ambao wametegemea zaidi mifugo. Wapo pia Wanyaturu, Wanyiramba na wengine, na katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadza. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za Kikushi, za Kiniloti, za Kibantu na Kihadza hukutana katika eneo dogo hivyo.

Mambo mawili ya mazingira hayo yanagusa moja kwa moja maisha ya mgonjwa. La kwanza ni makazi. Familia za Kiiraqw kwa desturi hazikai katika kijiji kilichobanana. Kila boma lina shamba lake, na jirani yuko ng'ambo ya mteremko. Kaya za Kidatooga zimetawanyika zaidi, na vijana huhama na ng'ombe. Kelele za anayepigwa usiku zinaweza zisimfikie mtu yeyote.

La pili ni lugha. Muuguzi kutoka mkoa mwingine humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, lakini bibi wa Kidatooga au kijana aliyeacha shule mapema huenda akahitaji mkalimani, na mkalimani aliye karibu ni ndugu aliyemleta. Kama ndugu huyo ndiye aliyemfunga, au ndiye anayelima shamba la mgonjwa kwa miaka, maswali kuhusu makovu ya kamba kwenye vifundo vya mikono yatapata jibu lake yeye. Kliniki yenye mhudumu anayesema Kiiraqw au Kidatooga inapata habari ambazo nyingine haiwezi kuzipata.

Kwa Wabarabaig kuna historia ya ziada. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 malisho yao kwenye uwanda wa Basotu yalichukuliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, mradi uliosaidiwa na Kanada, na malalamiko ya kupigwa na kufukuzwa yalifika mahakamani na mbele ya tume ya uchunguzi. Si jambo la ugonjwa wa akili, lakini linaeleza kwa nini si kila familia ya Hanang huona ofisi ya serikali kuwa mahali pa kupeleka shida ya nyumbani.

Namna za ukatili

Namna inayoonekana zaidi vijijini ni kufungwa. Mgonjwa hufungwa kamba, mnyororo wa baiskeli au wa ng'ombe, au hufungiwa katika chumba au banda. Zamani Waswahili walikuwa na neno maalumu, mkatale, kwa gogo lenye matundu ya kubana miguu, lililotumika kwa watumwa, wafungwa na wenye wazimu vilevile. Kufungwa kunaanza kama hatua ya usiku mmoja, wakati wa fadhaa kali, kisha hugeuka kuwa wiki na hata miaka. Misuli hupungua, viungo hukakamaa, vidonda huoza chini ya kamba, na anayefungwa hulazimika kujisaidia alipolala. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza desturi hii katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo.

Kipigo huja kwa njia nyingi. Kuna cha hasira, mlezi anapochoka. Kuna kinachoitwa tiba, kwa imani kwamba anayepigwa ni pepo na si mtu. Kuna mawe ya watoto wa shule barabarani, ambayo watu wazima huyacheka. Na kuna kipigo cha hatari kuliko vyote, cha wananchi wenye hasira kali: mgonjwa anayezurura usiku na kuingia boma la wenyewe hawezi kujieleza anapoulizwa jina na anakokwenda, na katika nchi ambako mshukiwa wa wizi huweza kuuawa kabla polisi hawajafika, kushindwa kujieleza kunatosha kumhukumu.

Ukatili wa kingono huwapata hasa wanawake wanaozurura sokoni na vituo vya mabasi, lakini hutokea pia nyumbani. Ujauzito wa mwanamke aliyeitwa kichaa huzungumzwa kijijini kama ajabu au mzaha, na nani baba ni swali lisiloulizwa kwa sauti. Mtoto akizaliwa huchukuliwa na bibi, na mama hurudi alikotoka bila kutibiwa na bila kupimwa virusi vya UKIMWI.

Dhuluma ya mali haina kelele, lakini kwa familia ya wakulima ndiyo inayodumu. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 15 na 30, wakati hasa ambapo kijana angegawiwa shamba, angepewa ng'ombe wa kuanzia na kuoa. Akiugua, mgawo huahirishwa hadi apone. Kaka zake hulima sehemu yake, mwanzoni kwa kumsaidia. Baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kwamba shamba lilikuwa lake, na akipata nafuu na kulidai, madai yenyewe huchukuliwa kuwa dalili kwamba ugonjwa umerudi. Mwanamke huachwa na kurudishwa kwao, na watoto hubaki kwa mume. Wengine hutumikishwa: huchunga, hubeba maji na kupasua kuni kwa majirani kwa malipo ya sahani ya chakula, na mwenye kumlisha huonekana mfadhili.

Hospitali na vituo vya polisi navyo haviko nje ya orodha hii. Kumzuia mgonjwa kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika, kumdunga sindano bila kumweleza lolote, au kumweka mahabusu kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna gari la kumpeleka hospitali, yote ni madhara anayopata mikononi mwa wanaopaswa kumlinda.

Kwa nini familia hufunga

Ni rahisi kuiona kamba kama ushahidi wa moyo mgumu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Sodo, kijijini Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2017 na Laura Asher na wenzake, ulionyesha kwamba familia nyingi zilifunga kwa sababu hazikuwa na njia nyingine ya kumlinda mgonjwa na kuwalinda wengine, na kwamba kukosekana kwa matibabu yanayofikika ndiko kulikokuwa kiini. Mazingira ya Sodo na ya Mbulu yanafanana vya kutosha kwa hoja hiyo kueleweka huku.

Mgonjwa mwenye fadhaa anahitaji mtu wa kuwa naye mchana na usiku. Katika kaya inayoishi kwa mahindi, maharage na mifugo michache, mtu huyo mara nyingi ni mama mzee au dada asiyeolewa, na msimu wa palizi mtu huyo anahitajika shambani. Mgonjwa akitoka anaweza kupotelea porini penye fisi, kuanguka mtoni, kuharibu shamba la jirani na kuleta deni la fidia, au kupigwa kwenye soko la mnada. Kumfunga hadi jioni kunaonekana kuwa busara. Siku inayofuata hali ni ile ile.

Hospitali ya Mirembe iko mbali. Barabara ya Babati hadi Dodoma pekee ina urefu wa takriban kilomita 250, na mtu wa Mbulu au Haydom ana safari kabla ya kuifikia. Nauli ni ya watu watatu, kwa kuwa mgonjwa mwenye fadhaa huhitaji wawili wa kumshika. Kwa sera ya msamaha wa malipo matibabu ya magonjwa sugu ya akili hutolewa bure katika vituo vya umma, lakini dawa ikiisha zahanati familia huelekezwa duka la dawa. Dawa nazo zina gharama isiyo ya fedha. Haloperidoli na klopromazini huweza kumfanya mtu akakamae, atetemeke na kutoka udenda, na asipopewa artane ya kupunguza hayo hukataa kumeza, hasa anapochekwa kwa namna anavyotembea. Akiacha, sauti hurudi baada ya wiki au miezi, na kamba nayo hurudi.

Imani kuhusu chanzo cha ugonjwa huamua njia ya kwanza ya tiba. Katika imani ya kale ya Wairaqw kuna Lo'a, nguvu njema ya juu, na kuna netlangw, pepo wa chemchemi na mito wanaoweza kuleta maradhi. Uchawi na laana ya wazazi hutajwa pia, na makanisa yenye kuombea wagonjwa yameongezeka. Utafiti wa Winkler na wenzake kuhusu kifafa katika eneo la Haydom, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahoji watu 167, wakiwamo wagonjwa, ndugu na wanakijiji wengine. Asilimia 44 waliamini kwamba kifafa kinaweza kutibiwa na dawa za kienyeji, na asilimia 34 waliamini maombi. Mganga au mchungaji anayemsikiliza mgonjwa kwa heshima ana faida yake, na wengi huanzia kwake kwa sababu yuko jirani. Ubaya huanza pale tiba inapokuwa njaa, moshi wa pilipili au fimbo, au mgonjwa anapoamriwa kuacha vidonge ili kuonyesha imani.

Wairaqw wanajulikana pia kwa desturi ya kumtenga kwa muda mtu aliyepatwa na jambo la unajisi, kama kifo cha karibu au mimba nje ya ndoa. Desturi hiyo ilikuwa na mipaka na mwisho wake, na isichanganywe na kumfungia mgonjwa wa akili, jambo lisilo na muda wala taratibu za kumrudisha.

Huduma

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Tanganyika ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo cha wamisionari Wajerumani kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani na kuanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mirembe ilijengwa Dodoma katika miaka ya 1920 chini ya Waingereza, na karibu nayo ikawekwa Isanga, kwa wagonjwa walioingia mikononi mwa mahakama. Baada ya uhuru serikali ilijaribu vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliishi na kulima pamoja na ndugu, na katika miaka ya 1980 mpango uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani ulianza kuwafundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya kutambua na kutibu magonjwa ya akili. Mpango huo ulianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Katika Mbulu mhimili wa tiba ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari kutoka Norwei na kuanza kazi mwaka 1955, sasa ikiwa chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Huhudumia pia watu kutoka Hanang, Iramba, Mkalama na kwingine, na ina huduma za afya ya akili na kifafa. Kwa mgonjwa wa skizofrenia anayesahau au kukataa vidonge, sindano ya flufenazini inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi hubadilisha mambo mengi: badala ya ugomvi wa kila siku kuhusu vidonge, kuna tarehe moja ya kukumbuka. Inahitaji tu sindano iwepo siku hiyo.

Sheria

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa mtu au kumtendea kinyama, na ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu binafsi. Hakuna kati ya hizo inayomtoa mgonjwa wa akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya magonjwa ya akili, na inaweka taratibu za kulazwa kwa hiari na bila hiari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao katika ibara ya 16 unadai ulinzi dhidi ya unyonyaji, ukatili na udhalilishaji ndani na nje ya nyumba, na mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ubakaji tendo la ndoa na mwanamke ambaye ridhaa yake ilipatikana wakati akili yake haikuwa timamu. Sheria hiyo hiyo bado inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, katika kifungu cha 217, kwa hiyo mgonjwa wa sonona aliyeokolewa na majirani anaweza kujikuta mtuhumiwa.

Kifungu kisichojulikana sana vijijini ni cha 127 cha Sheria ya Ushahidi. Kila mtu anaweza kuwa shahidi isipokuwa mahakama ikiona kwamba umri, maradhi ya mwili au ya akili, au sababu nyingine kama hiyo, inamzuia kuelewa maswali na kuyajibu ipasavyo. Kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakumwondolei mtu sauti mahakamani. Mgonjwa wa skizofrenia aliye kwenye dawa anaweza kueleza nani alimbaka, lini na wapi, kama mtu mwingine. Mkazo wa kifungu uko kwenye uwezo wake siku anayosimama mbele ya hakimu, na cheti cha Mirembe cha miaka iliyopita hakijibu swali hilo.

Njia ya kufika huko huanza kwa mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyejeruhiwa hupewa fomu namba 3 ya polisi, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza baada ya kumchunguza. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Kila hatua inahitaji kutembea au nauli, na kwa mgonjwa inahitaji pia mtu wa kumsindikiza. Ofisa anayepokea malalamiko kwa kawaida humgeukia msindikizaji kwanza na kumuuliza kama anayosema mgonjwa ni kweli.